Zana za Zamani na Kutu ya Pwani: Tafuta Chanzo Kabla ya Kusugua

Randa ya babu iliyokaa stoo, patasi zilizofungwa kwenye gunia, msumeno uliotundikwa karibu na dirisha linalotazama bahari: zana za namna hii nyingi bado zina uhai. Chuma chake ni kizuri, hasa zile patasi na misumeno ya zamani yenye muhuri wa Sheffield, Uingereza, na hata panga na majembe ya UFI yaliyotengenezwa Ubungo, Dar es Salaam. Kinachowakatisha watu tamaa ni kutu inayorudi. Mtu anasugua Jumamosi, chuma kinang'aa, wiki ya pili anakuta wekundu uleule mahali palepale, anasema zana imekwisha. Mara nyingi haijaisha. Kutu imetoka, chumvi imebaki.

Kutu inahitaji vitu vitatu: chuma, hewa na maji. Ukanda wetu wa Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, unaongeza cha nne, chumvi, nacho ndicho kinachoharakisha mambo. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji ya hewani unyevu ukifika takriban asilimia 75. Chumvi ya bahari ina pia kloridi ya magnesiamu, na hiyo hunyonya maji hata unyevu ukiwa asilimia 33 hivi. Kwa hiyo zana iliyopigwa na upepo wa bahari haikauki kabisa, hata kama mkononi unaisikia kavu. Ndiyo maana kwa kila dalili hapa chini tutauliza: maji yametoka wapi, na je, yamekuja na chumvi?

Kabla ya lolote, osha zana kwa sabuni na maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushe, kisha itoe juani uitazame vizuri. Vaa glavu na miwani. Wengi wanaamini kutu yenyewe ndiyo inayoleta pepopunda. Ugonjwa huo unatokana na bakteria wanaoishi kwenye udongo na samadi, lakini zana kuukuu iliyolala chini huwa na vyote viwili, kwa hiyo jeraha lolote lioshwe na chanjo yako ya pepopunda iwe haijapitwa na muda.

Vumbi jekundu linalobaki kwenye kidole

Hii ndiyo kutu nyepesi kuliko zote. Chanzo chake huwa unyevu wa usiku au jasho la mikono. Ukikuta alama za vidole zimechoreka kwa wekundu kwenye bapa la patasi, usitafute mbali: ni jasho, na jasho lina chumvi. Pitisha kwanza tambara lenye maji safi, kwa sababu mafuta peke yake hayaondoi chumvi, yanaifunika tu. Kausha, dondoshea mafuta ya cherehani, sugua kwa stilwaya laini ukifuata urefu wa chuma. Siki haihitajiki hapa. Itakula uso mzuri bila sababu.

Na kama unachokiona ni weusi au ukijivu laini usiochafua kitambaa, uache. Huo ni oksidi nyeusi ya chuma, umeshikamana na uso na unakinga kidogo. Zana iliyotumika miaka mingi na kupata rangi hiyo haina ugonjwa, na kuisugua mpaka ing'ae ni kuirudisha uchi mbele ya hewa ya bahari.

Magamba yanayobanduka

Watu wengi hutupa zana wakiona gamba nene. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichotokana nacho, mara mbili hata sita, kwa hiyo gamba la milimita moja halimaanishi umepoteza milimita moja ya chuma. Gonga polepole kwa nyundo ndogo, kwangua kwa ukingo wa kisu kibovu, ondoa kinachotoka chenyewe. Kadiri unavyoondoa mengi kwa mkono ndivyo utakavyoloweka muda mfupi.

Kisha siki. Siki nyeupe ya dukani ina asidi kiasi cha asilimia 4 hadi 5, inatosha, usiizimue kwa maji. Siki ya mnazi inafaa pia, ila nguvu yake hubadilika kwa kila aliyeitengeneza, kwa hiyo ichunguze mapema. Asidi ya sitriki, ule unga mweupe wa kutia uchachu kwenye juisi na achari, ni nzuri kuliko zote kwa maoni yangu: gramu 50 kwa lita moja ya maji ya vuguvugu, haina harufu kali, na ni rahisi kuipima. Ukwaju uliokandwa mpaka uwe mzito unafaa kwa sehemu usiyoweza kuizamisha, kama mbuzi ya kukunia nazi ambayo ulimi wake haung'oki kwenye kiti. Paka, funika kwa karatasi ya nailoni usikauke, osha baada ya saa chache. Coca-Cola nayo inaondoa kutu kwa sababu ina asidi ya fosfori, lakini ni kidogo, inakwenda polepole, na inaacha sukari ambayo lazima uioshe. Sioni sababu ya kuitumia kama siki ipo.

Toa mpini kabla ya kuloweka. Mbao hunywa siki, huvimba, na ikikauka husinyaa. Shoka lililokuwa imara linatoka likicheza. Toa pia kila kisicho chuma cha kawaida: aluminiamu huliwa, mabati huvuliwa zinki yake yote, na skrubu za shaba nyekundu au njano zikibaki kwenye asidi pamoja na chuma huweza kukipaka chuma rangi ya waridi. Springi usiloweke kabisa. Asidi inapokula chuma hutoa hidrojeni, na chuma kigumu kikiimeza huwa kikavu na rahisi kuvunjika. Kwa patasi au bledi ya msumeno uliyoloweka, iache ikae siku moja au mbili kabla ya kuipiga nyundo au kuipinda.

Zamisha zana yote. Ukiiacha nusu nje, pale juu ya siki inapokutana na hewa patachoreka mstari ulioliwa, na mstari huo hautoki tena kwa kusugua. Kwa msumeno mrefu usio na ndoo ya kuutosha, chukua kipande cha bomba pana la plastiki, ziba upande mmoja, simamisha, jaza. Au tengeneza fremu ya mbao nne chini, tandika nailoni nzito ndani yake, mimina. Angalia kila baada ya saa moja au mbili, piga brashi, rudisha. Kutu ya kawaida hulegea ndani ya saa chache. Ikivuka siku nzima, sababu si muda, soma sehemu inayofuata.

Sasa jambo ambalo nalisisitiza kuliko mengine ya hapa: ile njia maarufu ya ndimu na chumvi. Ni kweli inang'arisha, na inang'arisha haraka, chumvi ikiwa mchanga wa kusugulia na pia inaipa asidi nguvu. Lakini kwenye chuma chenye vishimo unasukuma ndani kitu kilekile unachotaka kukitoa. Kwa sinia la shaba, sawa. Kwa zana ya chuma, tumia ndimu na mchanga wa mtoni uliochekechwa laini, au unga wa tofali lililosagwa. Mchanga wa ufukweni usiuguse.

Vilevile kuna wanaotumia dawa ya choo yenye asidi ya hidrokloriki, na wengine maji ya betri. Kutu itatoka mbele ya macho yako, ndiyo. Lakini ile ya kwanza ni asidi ya klorini, inaacha kloridi kwenye chuma, na mvuke wake unashambulia kila zana iliyo chumba hicho, hata zile ulizokuwa hujazigusa. Ya pili inaunguza ngozi na macho. Na siki, ndimu au asidi yoyote ile isikutane kamwe na dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe: hutoa gesi ya sumu.

Nimeloweka usiku kucha, kutu iko palepale

Mara nyingi siki haijaigusa kutu. Zana za zamani zina tabaka la mafuta yaliyokauka, vanishi au rangi, na asidi haipiti hapo. Osha kwa sabuni ya unga na maji ya moto, au futa kwa mafuta ya taa kisha sabuni, mpaka maji yatandae juu ya chuma bila kujikusanya matone. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi. Ikwangue ikiwa mbichi kwa maji, usivute vumbi lake.

Sababu nyingine ni siki iliyochoka. Ikishakuwa ya rangi ya chai nzito na haitoi mapovu, mwaga, weka mpya. Wakazi wa kwenye baridi, Lushoto au Njombe, wataona kila kitu kinakwenda polepole. Ndoo ikae juani mchana. Na kama ulifunga zana kwa tambara lenye siki badala ya kuizamisha, huenda tambara lilikauka saa tisa za usiku, na kuanzia hapo ukawa unaongeza kutu.

Chuma kimetoka cheusi na kinachafua mikono

Usihangaike. Chuma cha kukatia kina kaboni nyingi. Asidi inachukua chuma juu juu na kuacha kaboni. Stilwaya na sabuni vinaitoa. Ila ukipitisha kucha ukahisi uso umekwaruza kila mahali, ujue ililala sana, wakati ujao punguza saa.

Nimeitoa kwenye siki, imeota rangi ya chungwa kabla haijakauka

Chuma kilichovuliwa kutu kikiwa kimelowa, na asidi bado iko juu yake, hushika kutu kwa dakika. Hapa kosa ni mwendo wa kazi. Beseni la pili linapaswa kuwa tayari kabla hujatoa zana kwenye la kwanza: maji safi yenye kijiko kimoja cha chakula cha magadi kwa kila lita. Toa zana, suuza haraka, izamishe kwenye magadi dakika kumi, isugue kwa brashi ya meno kuukuu hasa kwenye kona na matundu. Kisha imwagie maji ya moto sana. Chuma kikipata joto hukausha maji chenyewe, unabaki kufuta tu. Mafuta yapakwe kingali na uvuguvugu.

Kama rangi ya chungwa imeshatokea, ni nyembamba, stilwaya yenye mafuta inaiondoa. Usirudi kwenye siki kwa ajili yake.

Imerudi baada ya siku kadhaa, mahali palepale

Hii ndiyo kutu ya Pwani hasa, na ndiyo inayofanya watu waseme chuma kimekufa. Iangalie kwa kioo cha kukuzia kama unacho. Asubuhi yenye unyevu utaona ndani ya vishimo matone madogo ya rangi ya manjano au ya chai, yamesimama yenyewe ingawa zana haijaguswa na maji. Mchana yakikauka yanaacha ganda jembamba la mviringo, tupu ndani; ukilibonyeza kwa ncha ya sindano linavunjika na chini yake kuna kishimo kinachong'aa kwa unyevu. Matone hayo ni kloridi ya chuma. Chumvi imekaa chini kabisa ya kishimo, inavuta maji ya hewani, inakula chuma, na haitumiki ikaisha. Kila chuma kinapokuwa kutu, kloridi inaachiwa huru ikaanze upya.

Kusugua juu hakuifikii, na mafuta yanaifungia ndani. Inabidi kuiyeyusha na kuitoa kwa maji, tena maji mengi, kwa subira. Weka zana bila mpini kwenye sufuria usiyopikia tena chakula, jaza maji ya mvua au ya bomba yasiyo na chumvi, tia kijiko cha magadi kwa lita, chemsha nusu saa. Mwaga, maji mapya, chemsha tena. Rudia mara tatu au nne, raundi ya mwisho bila magadi. Magadi huyafanya maji yasilete kutu mpya wakati chumvi inatoka. Ila magadi ya asili, yale mawe na unga wa kupikia maharage yatokayo Ziwa Magadi na Ziwa Natron, yana chumvi yake kiasi. Kwa kazi hii ni bora soda safi ya kufulia ya kiwandani (kaboneti ya sodiamu). Ukikosa, kaanga bikaboneti ya soda ya kupikia mikate kwenye sufuria kavu, ukikoroga, mpaka iache kutoa mvuke na kupungua: inageuka kuwa soda ile ile ya kufulia.

Kuchemsha kuna faida ya pili. Wekundu uliobaki ndani ya vishimo hugeuka kuwa mweusi kwenye maji yanayotokota, na weusi huo, kama nilivyosema, ni oksidi iliyotulia. Ukiona vishimo vimekuwa vyeusi na vikavu baada ya wiki nzima bila mafuta, umeshinda.

Ikirudi hata baada ya hapo, chunguza maji yenyewe. Visima vingi vya Pwani, na vya kuchimba Dar es Salaam vikiwemo, vina maji ya chumvichumvi. Mtu anachemsha, anasuuza, anafanya kila kitu sawasawa, na kila suuzo linaongeza chumvi. Kinga maji ya mvua wakati wa masika, weka dumu moja au mawili kwa ajili ya zana tu. Yaonje kabla ya kutumia: ulimi ukigundua chumvi, yasikaribie chuma.

Kutu iliyoingia kwenye maandishi, matuta na kona

Muhuri wa kiwanda, nyuzi za skrubu, meno ya msumeno: hapa brashi haifiki na siki hula chuma kizuri pamoja na kibaya. Njia inayofaa ni umeme. Ndoo ya plastiki, lita kumi za maji, vijiko vitatu vya soda. Chaja ya betri ya gari ya volti 12, ampea 2 hadi 6. Waya hasi kwenye zana, waya chanya kwenye kipande cha nondo au bati nene la chuma cha kawaida, visigusane. Washa, mapovu yapande kutoka kwenye zana. Iache kwa muda wa saa nne hadi kumi na mbili. Zima kabla ya kutia mkono.

Njia hii haipunguzi chuma kizima, na kwa sisi ina ziada kubwa: mkondo wa umeme unasukuma kloridi zitoke kwenye chuma. Wahifadhi wa makumbusho huitumia kwa mizinga na nanga zilizotolewa baharini.

Mambo yanayokwama hapa ni machache. Ukigeuza waya, zana yako ndiyo itakayoliwa. Hakikisha mara mbili. Upande usiotazamana na nondo haupati kitu, kwa hiyo igeuze, au zungusha nondo mbili tatu zilizounganishwa. Umeme ukipungua, nondo imejaa matope ya kutu, ikwangue. Chaja za kisasa zenye kompyuta ndani mara nyingi hukataa kuwaka zisipohisi betri. Tafuta ya zamani ya kawaida. Usitumie chuma kisichoshika kutu kama kijiko au sufuria ya stenlesi badala ya nondo, maana maji yatabeba kromiamu yenye sumu. Usiweke chumvi badala ya soda, itatoa gesi ya klorini. Mapovu ni hidrojeni, yanawaka, kazi ifanyike nje, mbali na jiko na sigara.

Koleo imegoma kufunguka, spana malaya haizunguki

Kutu imevimba ndani ya maungio na kubana. Nguvu hapa huvunja. Changanya dizeli au mafuta ya taa na oili ya injini nusu kwa nusu, dondoshea kwenye ungio, gonga kichwa cha pini kwa nyundo ndogo mara nyingi nyepesi, acha mpaka kesho, rudia. Mtikisiko ndio unaoruhusu mafuta yaingie. Ikianza kusogea hata kidogo, usiifungue kwa nguvu mpaka mwisho. Ichezeshe mbele na nyuma huku ukiongeza mafuta, maji mekundu yatatoka pembeni, yafute, ongeza, mpaka yatoke masafi. Kwa spana, ile nati ya kidole imejaa kutu kwenye nyuzi zake; ukishaisogeza, ing'oe kabisa uisafishe peke yake.

Kuipasha moto ni jambo la mwisho, na kamwe si baada ya kutia mafuta ya taa. Zana yenye makali isipashwe kabisa. Ugumu wa patasi hurekebishwa mwishoni kwa joto la nyuzi 200 na kitu. Ikifika kiasi cha nyuzi 300 inageuka bluu na makali yake hayatakaa tena. Kwa sababu hiyohiyo sipendi kuona grainda ikipitishwa kwenye bledi ya randa: kutu inaondoka, ugumu nao unaondoka, na mistari inabaki.

Kutu imetoka, vishimo vimebaki

Kwenye jembe, panga au nyundo, viache, havidhuru. Kwenye msumeno, lainisha kwa msasa namba 240 kisha 400 uliozungushiwa kipande cha mbao bapa na kulowanishwa mafuta ya taa, usibonyeze meno.

Patasi na bledi ya randa ni habari nyingine. Makali ni pale nyuso mbili zinapokutana, ule mteremko unaonolewa na mgongo bapa. Watu hunoa mteremko, wanausahau mgongo. Ishike patasi kwenye mwanga, mgongo ukutazame: kama kuna vishimo sentimita ya mwisho karibu na makali, kila kishimo kitakapofikiwa na kunoa kitakuwa pengo dogo, na mbao itatoka na mistari iliyoinuka pale pale kila unapopiga randa. Hakuna kunoa kwa mteremko kutakakoondoa hilo. Weka mgongo bapa kwenye jiwe la kunolea, au msasa uliobandikwa kwenye kioo kinene, sugua mpaka ile sentimita ya mwisho iwe bapa na safi. Huna haja ya kusafisha mgongo wote, huko nyuma vishimo vikae. Kama ni virefu mno, rudisha makali nyuma kwa kunoa mpaka uvuke eneo lililoliwa. Patasi itafupika kidogo na itakata.

Kila masika kutu inaanza upya

Hapa tatizo liko stoo. Mbolea ya chumvichumvi, mfuko wa chumvi ya ng'ombe au dawa ya klorini ya maji vikiwa chumba kimoja na zana, zana zitaoza. Vihamishe. Gunia hushika unyevu, nailoni iliyofungwa hufungia jasho ndani, ala ya ngozi hubaki na chumvi za kutengenezea ngozi, kwa hiyo panga lisilale ndani yake. Sakafu ya saruji hupandisha maji. Na kwa wenzetu wa Mji Mkongwe na nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa: ukuta ule una chumvi na unapumua unyevu mwaka mzima. Msumeno usitundikwe ukutani moja kwa moja, weka ubao nyuma yake na nafasi ya hewa. Vumbi la mbao mbichi lililobaki kwenye mdomo wa randa lipulizwe kila jioni.

Kwa kupaka, mafuta ya mgando ni rahisi na yanakaa. Bora zaidi ni nta ya nyuki iliyoyeyushwa ndani ya mafuta ya cherehani, sehemu moja ya nta kwa nne za mafuta, chombo kikiwa ndani ya sufuria ya maji ya moto na si juu ya moto wenyewe. Inaganda kama losheni nzito, unapaka kidogo kwa tambara. Mafuta ya alizeti na mengine ya kupikia hugeuka gundi yakikaa. Mafuta ya nazi hayakauki namna hiyo, na kwa mbuzi na visu vya jikoni ndiyo ya kutumia, ila yawe mapya, maana yaliyochacha yana asidi. Oili chafu ya gari siiungi mkono: ina asidi, ina maji, na haifai kukaa kwenye ngozi ya mtu anayeshika zana kutwa.

Tupa iliyojaa kutu

Hii nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo zana pekee ambayo siki huipa faida zaidi ya kuondoa kutu. Osha mafuta yote, chokonoa meno kwa brashi ya waya ukifuata mwelekeo wa mistari, kisha iloweke. Asidi hula kidogo kila upande wa jino, na jino lililokuwa butu kiasi hurudi na ukali. Iangalie kila nusu saa. Ipitishe kwenye ukucha, ikiuma na kuacha vumbi jeupe, itoe mara moja, magadi, maji ya moto, mafuta mepesi. Tupa ambayo meno yake yamelala na kung'aa haitarudi, hiyo mpelekee mhunzi, kwa kuwa chuma chake ni kizuri kwa kisu. Iliyopona ifunge peke yake kwenye karatasi yenye mafuta, zikikaa pamoja kwenye droo zinavunjana meno.